Nilizabwa kofi kituoni, sasa na mimi nataka kuwa polisi. Je, sababu yangu ni mbaya?

Shikamoo anti, pole na majukumu. Naomba jina langu usiliweke, mchumba wangu huwa anasoma hii safu yako.

Mi nina miaka 25, ni mtoto wa kwanza kwetu, mzee alishafariki. Nilisomea mambo ya stoo na manunuzi ngazi ya cheti, ila kazi ya kueleweka sijapata mpaka leo, nashinda kwenye vibarua tu, leo upo kesho unaambiwa usije. Sasa nafasi za polisi zimetangazwa na vigezo vyote ninavyo, umri, urefu, cheti, afya, hadi kukimbia nakimbia vizuri. Fomu nishachukua. Shida iko kwenye kile kipande wanachosema eleza kwa nini unataka kujiunga, nimejaza kila kitu ila hapo pako peupe, kwasababu anti sababu yangu ya kweli siwezi kuiandika pale.

Iko hivi. Miaka kama mitatu nyuma nilikuwa nauza kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, ikapotea hela, bosi bila hata kuuliza akasema ni mimi kwa sababu ndo nilikuwa mgeni kuliko wote. Nikapelekwa kituoni. Yule askari tuliyemkuta kaunta hakuniuliza hata naitwa nani, akasema tu vua viatu, vua mkanda, toa vilivyo mfukoni, nikavua, afu nikamwambia afande mi hiyo hela sijachukua, ndo akanizaba kofi moja hilo nikaona nyota. Mama alikuwa ashafika, amesimama mlangoni na shuka aliyoniletea. Anti, kofi lenyewe lilipoa baada ya muda, kilichoniua ni mama kuona. Na yule jamaa baada ya kunipiga akamgeukia mama akamwambia mwanao huyu mama, umezaa mwizi, halafu akaendelea na simu yake kama hamna kitu kimetokea. Mama hakusema neno, aliiweka ile shuka juu ya kaunta akarudi nyumbani kwa miguu. Mpaka leo hatujawahi kuongelea hiyo siku mimi na yeye. Mimi ile sura ya yule askari naikumbuka mpaka kidoti alichokuwa nacho hapa shavuni, naweza kumchora.

Kesho yake askari mwingine wa kike akachukua maelezo yangu akaenda dukani akakagua daftari, ikaonekana aliyechukua hela ni ndugu wa bosi, nikaachiwa. Bosi hata samahani hakusema, na kazi akawa ashampa mtu mwingine.

Sasa toka siku ile nilijiapiza kwamba upande ule wa kaunta sisimami tena, nikirudi pale nitakuwa upande wa pili. Nikiona askari anapita watu wanavyomsogelea pembeni, wanavyosema afande afande, kuna kitu ndani yangu kinasema na wewe siku moja. Na nikuambie ukweli wote maana hunijui, huwa nawaza siku nikishavaa gwanda nitapita pale dukani kwa yule bosi, sitamfanya kitu, anione tu. Labda na kumbana kidogo vibali vyake, sijui.

Siyo hiyo tu lakini. Mshahara pia nataka, wa kila mwezi usio na maneno, nina wadogo zangu wanasoma, mama anaumwa miguu. Na kusaidia watu ipo, sitaki nionekane muongo, ila ukiniambia nizipange hizo sababu hiyo inakuja nyuma.

Mama nilipomwambia nataka kuomba alisema neno moja, "hilo vazi humu ndani siliingizi." Mchumba naye anasema ukishaingia kule utabadilika utakuwa kama wao, wote wanaanzaga wazuri. Sasa anti nisaidie. Sababu yangu ni mbaya? Nikiitwa kwenye intavyuu nikaulizwa kwa nini unataka upolisi niseme nini, ukweli au zile za kutumikia nchi ambazo kila mtu anazisema? Na hawa wanawake wawili nifanye nao nini?

Ni mimi, Nisiyetaka Kudharauliwa

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya lile kofi kwanza maana kwenye barua yako nzima sijaona mtu aliyekupa hiyo pole, sio bosi, sio kituo, na mama yako nadhani alitaka ila alishindwa aanzie wapi.

Nianze na la mshahara nilimalize, maana naona umeliandika kama unaomba radhi. Usiombe radhi. Kutaka kazi yenye mshahara wa kila mwezi na pensheni mwishoni ni sababu halali kabisa, na wala haujaibuni wewe. Kuna utafiti ulitoka 2004, Raganella na White waliwauliza makuruta 278 wa polisi ya New York ni nini kimewaleta, na majibu yaliyokuja juu kabisa yalikuwa kusaidia watu, marupurupu ya kazi, na uhakika wa ajira, na walikuwa hawapishani sana, awe mwanaume awe mwanamke, awe mweusi awe mweupe. Kwahiyo wenzako wanaenda na vyote viwili mfukoni, huruma na hesabu za nyumbani. Kwenye ule utafiti kutaka mamlaka kulikuwa huko chini kwenye orodha, ila hapo mi huwa nacheka kidogo, kwasababu ni kuruta gani mwenye akili zake atajaza kwenye karatasi kwamba amekuja kutafuta mamlaka? Wewe umeijaza, tena kwangu, mtu usiyenijua. Hilo ndo limenifanya nikujibu kwa kirefu.

Na watu wanaoingia upolisi hawajawahi kuwa malaika. Polisi ya London ilipoanza 1829, yule askari aliyepewa namba moja, namba moja kabisa, alifukuzwa siku ileile ya kwanza kwa kulewa. Yani hajamaliza hata siku. Sasa wewe unayekaa na fomu unaogopa sababu yako, tayari umeshamzidi huyo.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Haohao watafiti waliwarudia wale askari baada ya miaka kama sita kazini, wakachapisha 2010, wakakuta sababu za watu hazikubadilika sana, alichokuja nacho mtu mwanzo ndo alikuwa bado nacho. Na waliokuwa hawana raha na kazi, kulikuwa na uhusiano na hili, kwamba kile walichokifuata hawakukipata. Mi hapo ndo naona swali lako umeliuliza vibaya. Unaniuliza sababu yangu ni mbaya au nzuri. Ungeniuliza hivi, anti hii kazi inacho hicho ninachokifuata? Mshahara inao. Kusaidia watu inako, mpaka utachoka. Heshima unayoitaka wewe, ile ya watu kusogea pembeni, hiyo mwanangu sikudanganyi, haina.

Nina kaka yangu alikuwa askari mpaka kustaafu, namjua nje ndani, na wenzake walikuwa wanakuja nyumbani kwa hiyo nimesikia mengi nikiwa jikoni. Nikueleze tu kinachomtokea mtu aliyeenda kule kutafuta kutodharauliwa. Kwanza depo. Pale wewe ni kuruta, na kuruta hana jina, unaamshwa usiku unakimbizwa, unatukanwa, unaambiwa piga magoti na mtu ambaye huenda ni mdogo kwako kiumri, na ukikunja uso unaongezewa. Ukimaliza unapangiwa kituo, unakuwa wa chini kuliko wote, lindo la usiku ni lako, sikukuu ni yako, kupanga majalada na kufagia ni kwako, mkubwa akiamka vibaya unazomewa mbele ya watu na jibu lako ni ndiyo afande. Halafu raia. Unawaona wanavyosogea pembeni, hujaona wanavyoongea ukishapita. Utatukanwa na mlevi aliyekutapikia viatu, utapigwa makelele na mwenye gari anayejua wakubwa zako, utaenda mahakamani kutoa ushahidi wakili akuulize saa ile ulikuwa umesimama wapi, taa ilikuwa inawaka au haiwaki, mbona maelezo yako yanasema hivi na hapa unasema vile, mpaka ukumbi mzima ukuone kama muongo, na wewe unatakiwa usimame pale umjibu kwa adabu.

Kwahiyo mtu mwenye njaa ya heshima anaingia kule akitegemea atashiba, anakuta anadharauliwa mara nyingi kuliko alivyokuwa kibarua. Sasa hiyo njaa inaenda wapi? Mkubwa wake hawezi kumfanya kitu. Wakili hamuwezi. Mwenye gari hamuwezi. Anayebaki ni mmoja tu, yule aliyesimama upande wa pili wa kaunta amevua viatu na mkanda. Umeshanielewa naenda wapi. Mi simjui yule askari aliyekuzaba na wala simtetei, ila sitashangaa kabisa nikiambiwa na yeye aliingia kule na kiapo kama chako.

Ndo maana nataka ufanye hili zoezi, na ulifanye kweli sio kusoma tu ukapita. Kaa sehemu peke yako, fumba macho, jione umevaa gwanda upo kaunta, ni usiku, umechoka, asubuhi umesemwa na bosi wako. Analetwa kijana, ameshikwa, anasema afande mi sijachukua. Na huyu sio kama wewe, huyu anajibu vibaya, ana kiburi, ananuka pombe, na kuna uwezekano mkubwa kweli ameiba. Kila mtu pale anajua ameiba. Unafanya nini? Usinijibu mimi. Angalia tu mkono wako kwenye ile picha uko wapi.

Watu wengi wanafikiri kofi la kaunta ni kosa kwasababu uliyepigwa hukuwa na hatia. Hapana, lingekuwa kosa hata kama hela ungekutwa nayo mfukoni. Kuna Kanuni za Maadili za maofisa wa kusimamia sheria zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, kifungu cha 3 kinasema nguvu inatumika pale tu inapolazimu kabisa na kwa kiasi kile kazi inachohitaji. Mtu ameshavua viatu, ameshatoa vitu mfukoni, hakimbii, hashindani, nguvu ya nini? Na kifungu cha 5 kinakataza kutesa na kumdhalilisha mtu na kinakufungia hata mlango wa kusema niliamrishwa na mkubwa. Askari wazuri wanaijua hii hata kama hawajawahi kuiona kwenye karatasi, kaka yangu alikuwa anasema mtu akishakuwa mikononi mwako ameshakuwa dhamana yako, akiumia umeumiza wewe. Kama ulipofumba macho umeona mkono unatulia na mdomo unauliza jina lako nani, una kwenu wapi, ilikuwaje, basi fomu ijaze. Kama umeona mkono unanyanyuka na ukasikia raha, hata ndogo, usiijaze kwa sasa. Sikusemi kwamba we ni mtu mbaya, nasema kile kidonda bado kibichi, na kule hawatakuuguza, watakupa rungu.

La yule bosi. Umeniandikia kwa ujanja sana mwanangu, "sitamfanya kitu, anione tu," halafu sentensi ya mbele tayari umeshaanza kukagua vibali. Ona ilivyo karibu! Hata gwanda hujapewa. Kumpitia mtu dukani kwake ukiwa na sare ya serikali kwa ajili ya ugomvi wako binafsi, hata usipofungua mdomo, ni kutumia vibaya mamlaka, na siku akikushtaki atakuwa na haki na wewe utakuwa na kesi. Na je siku yule bosi akiibiwa kweli, akaja kituoni kwako analia, wewe ndo uko kaunta? Hapo kuna njia moja tu, unamwambia mkubwa wako huyu mtu nina historia naye naomba apangiwe mwingine, unaachia jalada, unaenda kunywa maji. Inauma, najua. Ila kama hiyo huwezi hata kuiwaza bila kukunja ngumi, basi sababu yako sio upolisi, sababu yako ni yule bosi, na bosi mmoja ni mdogo sana kumpa miaka thelathini ya maisha yako.

Sasa nikuonyeshe kitu nilichokiona kwenye barua yako ambacho nadhani mwenyewe hujakiona. Yule askari aliyekupiga umempa aya nzima. Simu yake, maneno yake, kidoti chake cha shavuni. Yule askari wa kike umempa mstari mmoja tu halafu ukahamia kwa bosi. Mtu aliyekutoa ndani! Nimeusoma ule mstari mara nyingi kuliko barua yote. Akachukua maelezo, akaenda dukani, akakagua daftari. Hebu fikiria hiyo asubuhi yake. Amekuta kijana wa watu mahabusu, mlalamikaji ni mwenye duka mwenye pesa, mwenzake wa usiku ameshaamua kwamba huyu ni mwizi, jalada lingeenda hivyohivyo na hakuna mtu angemuuliza. Yeye akakaa akakusikiliza, akaandika ulichosema na sio anachotaka yeye, akanyanyuka akaenda mpaka dukani, akafungua daftari la mauzo akaanza kulinganisha namba, hiyo ni kazi ya masaa, vumbi na mwenye duka amemkunjia uso. Na kule kituoni kuna mwenzake ambaye sasa anaonekana amempiga mtu asiye na kosa, unafikiri walimpigia makofi? Yeye ndo alikuwa na nguvu kuliko wote siku ile, na hakunyanyua hata kidole. We unasema unataka uende upande wa pili wa kaunta, lakini upande huohuo wamesimama wawili. Hujaniambia unataka kusimama kwenye viatu vya nani, na nadhani hujawahi kujiuliza, kwasababu yule wa kofi amekujaa kichwani mpaka unaona upolisi ni yeye.

Na kazi yenyewe kwa sehemu kubwa inafanana na ya yule dada. Watu wakisikia polisi wanawaza kukimbizana na majambazi, ila ukimuuliza askari yeyote mkweli atakuambia siku zake zinaisha na mume na mke wanaogombana, mtoto aliyepotea, majirani na mpaka, ajali, mgonjwa wa akili ambaye ndugu wamemshindwa, na karatasi, karatasi, karatasi. Maelezo ya huyu, maelezo ya yule, ramani ya tukio, orodha ya vielelezo. Wewe umesomea stoo na manunuzi, unajua kusoma daftari na kuona wapi hesabu imechezewa, hujaona hiyo kitu? Kesi ngapi za wizi kazini, za ubadhirifu, zinakufa kwasababu aliyepewa kuzipeleleza haelewi leja. Ukiingia na ukavumilia miaka ya lindo, upelelezi wa makosa ya fedha unaweza kuwa ndo mahali pako hasa. Hiyo ni sababu ya kujiunga, na ni ya kwako kweli, haujaikopa kwa mtu.

Mchumba wako sasa. Anaposema gwanda linabadilisha watu hajasema uongo ila hajamaliza sentensi. Pengine amesikia habari za lile jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford 1971, Philip Zimbardo aliwachukua vijana wa chuo wa kawaida tu akawagawa kwa bahati nasibu, hawa askari magereza hawa wafungwa, ilipangwa wiki mbili ikavunjwa baada ya siku sita kwa jinsi askari walivyogeuka wakatili. Watu waliisimulia miaka mingi kama ushahidi kwamba ukimpa mtu sare tu anaharibika. Baadaye ikaja kujulikana kwamba wale askari walikuwa wanaelekezwa, waliambiwa wakaze, na sio wote waliokuwa wakatili. Mimi kwangu hiyo ndo ya maana zaidi, kwamba mtu anabadilika kwa kufuata wanaomzunguka na anachoambiwa na mkubwa wake ni cha kawaida. Kwahiyo mwambie mchumba hofu yake umeisikia, na mkubaliane mapema dalili ni zipi. Ukianza kuongea nyumbani kwa kuamrisha. Ukianza kuwaita watu wote wahalifu. Ukianza kucheka unaposimulia mtu aliyepigwa. Akiona moja ya hizo aseme, na wewe uahidi hutamjibu kwamba yeye hajui kazi. Halafu kituo utakachopangiwa huchagui, ila rafiki wa pale kituoni unachagua, tafuta yule anayeandika maelezo vizuri ukae naye karibu, hata kama hana stori za kuchekesha.

Mama ni habari nyingine na sitaki uende kwake na hoja. Usimwelezee mshahara, usimwelezee pensheni, mambo ya miguu yake yaache kabisa, ataona unamnunua. Hilo vazi analolikataa ndo lilimwambia amezaa mwizi. Nenda ukakae naye umwambie hivi, mama ile siku tuizungumze. Mwambie ulivyojisikia ukimuona pale mlangoni. Mwache na yeye aseme, na akilia mwache alie. Mimi naona kabisa nusu ya hamu yako ya gwanda ni kutaka yeye akuone umesimama, na kumbe hajawahi kukuona umeanguka, alimuona askari mshenzi tu. Mkishamaliza hilo, siku nyingine, sio siku hiyohiyo, ndo umuulize kuhusu fomu. Akiendelea kukataa, wewe ni mtu mzima wa miaka 25, uamuzi ni wako, ila angalau atakuwa anakataa kitu mlichokiongea.

Intavyuu. Usiende na zile za tangu utotoni nilikuwa napenda kutumikia taifa, wale wazee wa kwenye jopo wamezisikia mpaka wanasinzia. Na usiende ukawamwagia kidonda chote pia, hapo sio kwangu. Ukweli una sehemu ya kusema. Sema kitu kama hiki kwa maneno yako, kwamba niliwahi kutuhumiwa kitu ambacho sikufanya, askari mmoja aliyefanya kazi yake kwa umakini akakagua ushahidi nikaachiwa, toka hapo nimeelewa kwamba askari mmoja makini anaweza kuamua maisha ya mtu yaende wapi, mimi nimesomea stoo na hesabu na nadhani naweza kuifanya kazi ya namna hiyo, na ndiyo, nahitaji pia ajira ya kudumu kwasababu nina familia inanitegemea. Basi, nyamaza hapo. Wakikuuliza kuhusu yule wa kofi, sema lilitokea na ukasema hukulipenda, usilikuze wala usilifiche. Na uandike hivyohivyo kwenye kile kipande cheupe cha fomu, kwa kifupi, maana watalinganisha.

Kuna kitu umesahau kuniuliza na ndo kinaweza kukuangusha kuliko hayo yote. Kama kwenye fomu kuna sehemu inauliza umewahi kukamatwa au kushikiliwa na polisi, jibu ndiyo. Najua kishawishi kipo, uliachiwa, hukufikishwa mahakamani, unaona kama haihesabiki. Huwa wanafuatilia historia ya mwombaji mpaka mtaani na kwenye vituo, na kilichopo kwenye kitabu cha kituo kipo. Kushikiliwa kwa kosa ambalo hukulifanya kunaelezeka kwa mistari miwili. Kuficha hakuelezeki, utaonekana muongo kabla hujaanza, na kazi yenyewe ni ya kula viapo mahakamani. Kwahiyo kabla hujapeleka hiyo fomu nenda kwanza pale kituoni, mchana, umevaa vizuri, uulize kama kuna maandishi yoyote yanayoonyesha uliachiwa na kesi ilifungwa, uombe nakala kama wanatoa. Unaweza kumkuta yule mwenye kidoti kaunta. Msalimie, sema shida yako, subiri zamu yako kama wengine. Na kama yule dada bado yupo pale, muulizie, umwambie asante.